Mstari wa Makaburi

Njura alipoulizwa mto ulimchukulia nini, alijibu, "Ni kidogo tu. Tuko hai."

Alijibu hivyo mbele ya kanisa zima la Mitunguu, Jumapili moja ya mwezi wa pili, ameshika maikrofoni kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kikombe cha uji wa moto na hana pa kukiweka. Winrose, karani wa kanisa, aliketi kando ya madhabahu na fomu zake. Kila mtu aliyepatwa na mafuriko alikuwa akiitwa mbele, anaulizwa, anajibu, Winrose anaandika.

"Migomba mingapi, mzee?"

"Si mingi."

"Mia? Mia mbili?"

"Andika mia."

Ilikuwa mia tatu na arobaini.

"Na mifugo?"

"Ng'ombe walikuwapo."

"Wangapi?"

Njura alitazama viatu vyake. Huko, mtu mzima hasimami mbele ya watu akaanza kuhesabu ng'ombe wake, wala watoto wake. Ukimuuliza atakwambia wapo, Mungu amesaidia. Haikosi sababu, wazee waliona kuwa kinachohesabiwa kwa sauti hakikawii kupungua. Njura alikuwa Mkristo wa miaka mingi, hakuyaamini hayo, lakini ulimi wake ulikuwa bado unayaamini.

"Andika ng'ombe," alisema.

Winrose akaandika mmoja. Walikuwa wawili na ndama.

"Haya, mwisho. Hapa chini pameandikwa 'Mengineyo'. Kuna kitu kingine chochote mto ulichukua?"

Upande wa akina mama, benchi la tatu, Celina mke wake aliinua kichwa. Hakuwa ameinua kichwa tangu ibada ianze. Alimtazama mume wake, na wote waliokuwa karibu naye wakajua anangoja nini, maana hakuna mtu wa Mitunguu asiyejua kilichokuwa kwenye ncha ya chini ya shamba la Njura kabla ya mto kupita hapo.

"Hakuna," Njura alisema. "Bwana asifiwe."

"Amina," watu wakaitikia, kwa sababu ndivyo kunavyoitikiwa.

Saa tisa ya mchana ule Celina alikuwa amefunga nguo zake kwenye leso. Hakugombana. Alisimama mlangoni, akamwita mumewe kwa jina lake, Njura, kama mtu wa ofisini anavyoita, jambo ambalo hakuwa amelifanya katika miaka thelathini na tatu ya ndoa.

"Njura. Mimi niko Kanyakine kwa ndugu yangu. Siku utakayoweza kumtaja mtoto mbele ya watu, uje uniambie. Si mbele yangu. Mbele ya watu."

Akaondoka. Njura alikuwa ameshika bakuli la githeri. Aliendelea kula mpaka likaisha, kisha akaliosha.

Sasa ni vizuri kumfahamu mtu huyu kidogo, maana ukikutana naye barabarani utadhani ni mtu asiyejali.

Njura ni wa Embu, huko juu kuelekea Runyenjes, mahali pa kahawa na baridi ya asubuhi. Alishuka Mitunguu akiwa kijana, wakati ule walipokuwa wakitafutwa watu wa kuchimba mitaro ya paipu za maji ya kunyunyizia. Alichimba mitaro ya watu miezi kumi na minne. Aliona maji yakipita kwenye ardhi kavu ile, nyekundu, yenye joto, na migomba ikitoka kama iliyoitwa. Akasema moyoni, hapa ndipo. Akanunua kipande karibu na mto, kwa bei ya chini kwa sababu wakati huo walioogopa mto walikuwa bado hai. Akamwoa Celina wa Kanyakine. Akajifunza Kimeru, ingawa mpaka leo akikizungumza kina harufu ya Kiembu, na jirani yake Koome humcheka: "Njura, wewe ukisalimia mtu ni kama unamuuliza njia."

Ndizi zake zilikwenda mpaka soko la Gakoromone. Akina mama wa soko lile walizijua bila kuuliza zimetoka wapi, kwa sababu Njura alikuwa na tabia ya kufunika kila mkungu kwa majani makavu ya mgomba wenyewe, zisikwaruzane kwenye gari. Kazi hiyo ilimchukulia asubuhi nzima na haikumwongezea chochote katika bei. Hakuiacha.

Walipata mtoto mmoja wa kiume, Mwenda. Watu wakamwita Njura Baba Mwenda, na Celina Mama Mwenda, kama ilivyo desturi. Mwenda alikua, akanunua pikipiki, akawa anabeba abiria kati ya Mitunguu na huko juu, na akiwa na miaka ishirini na sita alikufa kwenye kona moja ambayo alikuwa ameipita labda mara elfu tatu. Hiyo ni miaka sita iliyopita. Baada ya hapo watu, kwa huruma tu, waliacha kumwita Njura Baba Mwenda. Wakaanza kusema Mzee Njura. Celina peke yake ndiye aliyeendelea na jina la zamani. Kila siku, bila kukosa: Baba Mwenda, chai. Baba Mwenda, mlango.

Na kuna jambo jingine, ambalo ndilo lililokuwa limekaa kwenye koo la Njura siku ile ya maikrofoni.

Mahali pa kumzika Mwenda, Celina alikuwa amepachagua: juu, karibu na parachichi, mtu akitoka nje apaone. Lakini juu ndiko kulikokuwa na ndizi za kisasa, zile za miche ya maabara, zimebakiza miezi mitatu kukatwa. Kuchimba hapo kungeng'oa mashina ishirini hivi. Njura alitazama, akafikiri kama mkulima anavyofikiri hata siku ya msiba, akasema, "Chini kule udongo ni laini. Vijana hawatachoka kuchimba." Celina alikuwa amebebwa na wenzake, hakuwa na nguvu ya kubishana. Mwenda akazikwa chini, hatua arobaini kutoka mtoni. Ndizi za juu zikakatwa baada ya miezi mitatu, zikauzwa, pesa zikaisha. Celina akawa anashuka kila Jumamosi kufagia kaburi na kung'oa magugu.

Mvua za Novemba zilipokuja, zile zilizozidi, mto ulipanda usiku na asubuhi ulikuwa umehama. Haukufurika tu, ulihama, ukachukua ukingo wote wa upande wa Njura. Alishuka alfajiri na gumbuti zake. Alitafuta kaburi, akadhani amepotea njia. Alirudi mpaka kwenye nyumba, akashuka tena akihesabu hatua, na alipofika mahali pa kusimama hapakuwa na ardhi. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalipita hapo kwa haraka, na kulikuwa na mgomba mzima umesimama wima ndani yake, ukienda zake.

Tangu siku hiyo kitu ndani ya Njura kilikufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Hakulia. Hakukosa usingizi. Alikunywa chai ikiwa moto au imepoa, hakuona tofauti. Watu waliokuja kumpa pole aliwashukuru, akawauliza habari za kwao. Celina alikaa mwezi mmoja, miwili, mitatu, akingoja mume wake aseme neno. Halafu ikaja Jumapili ile ya fomu.

Fomu zenyewe zilikuwa na sababu. Kanisa la Mitunguu lina urafiki wa miaka mingi na kanisa moja la kijiji huko kusini mwa Ujerumani. Hutumiana barua wakati wa Krismasi, na siku moja waliletewa kinanda ambacho hakuna mtu aliyejua kukipiga. Mwaka ule wa mafuriko, mwezi wa sita, mto wa kijiji chao nao ulikuwa umefurika na kuingia majumbani, Mitunguu wakawaombea. Mwezi wa kumi na moja ikawa zamu ya Mitunguu. Watu wema wa mahali pengine, wakisikia habari ya makanisa mawili ndugu yaliyopigwa na maji mwaka mmoja, walichanga fedha, wakasema zigawanywe kati yao kulingana na hasara ya kila upande. Ndipo ikapangwa hasara za pande mbili ziandikwe, ziwekwe kando kwa kando, zilinganishwe, kwenye mkutano utakaofanyika Embu mjini mwezi wa nne. Wajerumani watatu wangekuja.

Kwa upande wa Mitunguu walichaguliwa watu watano. Koome alisema, "Mpelekeni na Njura. Embu ni kwao, hatapotea." Njura alisema sawa. Mbuzi wake mmoja wa maziwa aliyebaki akamwacha kwa Koome, yaani kwa mke wa Koome, maana Koome naye alikuwa akienda.

Ukumbi ulikuwa wa sakafu ya saruji na viti vya plastiki. Winrose alibandika ukutani karatasi mbili kubwa. Juu ya moja aliandika KWAO, juu ya nyingine KWETU. Kila kitu alikuwa amekigeuza kuwa shilingi, ili watu waone.

Kwao, familia thelathini na nane. Kwetu, familia mia mbili na kumi na mbili.

Kwao, shilingi milioni mia sita na kitu. Kwetu, milioni kumi na moja.

Watu wa Mitunguu walizitazama karatasi hizo kwa muda. Koome ndiye aliyeanza.

"Winrose, mama, hebu soma hapo pa jiko tena."

"Jiko la familia moja, vifaa na makabati, milioni nne."

"Jiko moja?"

"Jiko moja, Mzee Koome."

"Wanampikia nani? Ndovu?"

Ukumbi ukacheka, na Winrose, akiwa amefunika mdomo, akawatafsiria wageni. Mmoja wao, mkulima mnene mwenye masikio mekundu aliyeitwa Anton, alicheka kuliko wote. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, viganja vyake vimepasuka kama vya Njura. Alisema kwa Kiingereza cha polepole kwamba lile jiko ni la dada yake, na kwamba yeye pia amekuwa akiuliza swali hilo hilo.

"Kwa hivyo," Koome akasema, sasa bila kucheka sana, "kwa hesabu hii sisi hatukuumia. Tulinyunyiziwa tu. Hizo pesa zikigawanywa, wao watachukua gunia na sisi tutachukua kijiko cha chai."

Hapo pakawa na maneno. Mtu mmoja akasema nyumba ya mabati haiwezi kushindana na nyumba ya ghorofa. Mwingine akasema, lakini waliolala nje ni sisi. Anton akainua mkono. Alieleza, na Winrose akitafsiri sentensi kwa sentensi, kwamba katika kila shilingi kumi walizopoteza, saba zililipwa na bima. Na kwamba yeye mwenyewe, ukichukua vyote alivyokuwa navyo duniani ukavigawa mafungu kumi, mto ulichukua mafungu mawili.

"Na wewe?" akamuuliza Koome.

Koome alifikiri. Alikuwa na pampu, migomba, nyumba ya vyumba viwili na mbuzi. "Tisa," alisema. "Fungu la kumi ni hili koti."

Hakuna aliyecheka safari hii. Winrose alichukua kalamu, akaandika chini ya karatasi zote mbili mstari mpya: katika mafungu kumi, mangapi? Na mwingine: miaka mingapi mpaka urudi ulipokuwa? Kwao waliandika miwili. Kwetu kila mtu alisema lake, mwisho wakaandika alama ya kuuliza.

Kisha Anton akanyoosha kidole kwenye karatasi ya Kwetu, akauliza jambo. Winrose alikawia kulitafsiri.

"Anauliza, samahani, anauliza familia mia mbili na kumi na mbili zinawezaje kuwa na ng'ombe kumi na tisa tu. Anasema kwao wangefunga kijiji."

Watu watano wa Mitunguu wakatazamana. Koome akaanza kutikisika mabega kwa kicheko. Mama mmoja akaficha uso kwa leso. Maana wote walikumbuka ile Jumapili: mmoja baada ya mwingine mbele ya madhabahu, maikrofoni mkononi, "ni kidogo tu", "tuko hai", "Mungu ni mwema", "andika ng'ombe".

"Nilijua!" Winrose alisema, na sasa alikuwa amekasirika kweli, kama binti anavyokasirikia wazee wake. "Mimi niliwapa fomu, ninyi mkatoa ushuhuda! Nyinyi wote! Mtu amepoteza shamba zima anasema haleluya. Nitaandika haleluya shilingi ngapi?"

"Lakini ulitupa maikrofoni," Koome alisema kwa upole. "Mtu akipewa maikrofoni kanisani atafanya nini?"

Ikaamuliwa waandike upya. Winrose alikwenda kuketi kwenye chumba kidogo cha nyuma na tarakilishi yake, mlango ukiwa nusu wazi, na watu wakaanza kuingia mmoja mmoja, bila maikrofoni. Wale wa nyumbani angewapigia simu wiki ile ile. Wengine wakapumzika kunywa chai.

Njura hakuketi na wenzake. Alisimama mbele ya karatasi ya Kwao na kikombe chake. Kusoma kwake ni kwa darasa la sita, anapita na kidole chini ya neno. Alisoma nyumba. Alisoma magari. Alisoma uzio, matrekta, majani ya ng'ombe, mizinga ya nyuki, vitabu vya shule. Walikuwa wameandika kila kitu. Waliandika hata baiskeli ya mtoto. Alishuka mstari kwa mstari, na mstari wa kumi na nne kidole chake kikasimama.

Makaburi: 31.

Alirudia. Alidhani ni neno jingine. Alitazama upande wa Kwetu, mstari wa kumi na nne. Winrose alikuwa amechora kistari kidogo, maana yake hakuna.

Anton alikuwa amekuja kusimama kando yake, ana kikombe pia. Njura akagusa lile neno, akamtazama. Anton akaelewa anaulizwa. Akamwita Winrose, naye akatoka chumbani, kalamu sikioni.

"Mwulize haya makaburi ni nini," Njura alisema.

Anton akaeleza. Makaburi ya kijiji chao yako kando ya kijito. Ukuta ulianguka, maji yakachimba. Baba yake Anton alikuwa hapo, na shangazi zake wawili. Mifupa mingine ilipatikana, mingine haikupatikana. Walikuwa wakitafuta kwa wiki tatu.

"Na wasiopatikana?"

"Anasema waliwawekea mawe juu, kwenye kilima, na majina yao. Chini ya mawe hakuna kitu."

Njura alirudisha kidole kwenye lile neno.

"Mwulize, hizo za makaburi zinalipwa na bima?"

"Anasema hapana. Bima haina habari nayo."

"Sasa waliandika za nini?"

Winrose akauliza. Anton alizungusha chai iliyobaki kwenye kikombe, akasema maneno machache, huku akitazama ukuta wala si mtu.

"Anasema, wasingeandika, baada ya miaka michache karatasi ingesema hapakuwa na mtu hapo."

Njura aliweka kikombe chini, kwenye ukingo wa dirisha. Akamwambia Winrose, "Twende chumbani."

Akaketi. Mlango ulibaki nusu wazi kama ulivyokuwa. Koome, aliyekuwa anafuata kwenye foleni, alisimama hapo hapo na Anton nyuma yake. Winrose aliandika migomba mia tatu na arobaini. Ng'ombe wawili na ndama. Paipu, mita sitini. Kisha akafika kwenye ule mstari wa chini, na mikono yake ikasimama juu ya tarakilishi. Hakuuliza. Alikuwa mtoto wa Mitunguu naye.

"Kaburi moja," Njura alisema.

"Ndiyo, mzee."

"La Mwenda. Andika Mwenda, mtoto wa Njura na Celina."

Alisema jina hilo kwa sauti ile ile aliyosemea paipu. Winrose akaandika. Kwenye safu ya thamani kiashirio kiliendelea kuwakawaka, kikingoja.

"Hapo niweke nini?"

"Paache."

"Ikiwa wazi haitakubali."

"Basi weka kile kistari chako."

Akaweka kistari.

"Kuna jingine," Njura alisema. "Sijui lina mstari gani. Mahali pale nilichagua mimi. Mama yake alisema azikwe juu, kwa parachichi. Mimi nikamweka chini kwa sababu juu kulikuwa na ndizi." Akafikiri kama amesahau kitu. "Zilikuwa mashina ishirini. Zilikuwa zimebakiza miezi mitatu."

Winrose hakuwa na mstari wa kuliandika hilo. Alilisikia tu. Pale mlangoni Koome alikuwa amevua kofia.

Mtu angetarajia Njura atoke chumbani analia, au mabega yamemshuka, au uso wake una nuru kama wanavyosema wahubiri. Hapana. Alitoka akatafuta kikombe chake pale dirishani. Chai ilikuwa imepoa. Aliinywa, na aliona kwamba imepoa. Hilo tu. Halafu wakaitwa kula, kulikuwa na mukimo na nyama, akala.

Alasiri walikubaliana fedha zigawanywe kwa kufuata mafungu kumi na siyo kwa kufuata shilingi. Wajerumani wenyewe ndio waliolisema kwanza. Koome aliomba ruhusa ya kuongeza neno, akasema lile jiko bado wanalisamehe.

Siku ya pili gari la kanisa lilipokuwa likirudi, Njura aliomba ashushwe njia ya Kanyakine. Alipanda kwa miguu. Huko juu hewa ni nyingine, majani ya kahawa yalikuwa na maji ya mvua ya asubuhi, na viatu vyake vya mkutano vilibeba udongo mwekundu mpaka vikawa vizito. Kwenye mfuko wa koti alikuwa na karatasi moja, ile aliyopigiwa chapa na Winrose.

Celina alikuwa uani kwa ndugu yake, ameketi kwenye kigoda, anachambua maharagwe kwenye ungo. Alimwona akija tangu langoni. Hakusimama. Njura akasalimia, akaitikiwa. Akaketi kwenye gogo lililokuwa hapo.

"Nimetoka Embu."

"Nilisikia mlienda."

Akatoa karatasi. Celina alinyoosha mkono, akakumbuka miwani yake iko ndani, akarudisha mkono.

"Soma wewe."

Njura akaweka kidole. Alisoma migomba, akasoma ng'ombe. Celina aliendelea kutoa mawe madogo kwenye maharagwe na kuyatupa kando, moja, moja. Alisoma paipu. Akasoma, "Kaburi, moja. Mwenda, mtoto wa Njura na Celina." Kisha akasoma na kistari. "Hapa kuna kistari."

Mikono ya Celina ilikuwa imetulia juu ya ungo.

"Nani alikuwa anasikiliza?"

"Winrose. Koome alikuwa mlangoni. Na Mjerumani mmoja, lakini huyo hakuelewa maneno. Nafikiri alielewa kidogo."

"Na la mahali?"

"Nililisema."

"Ulisema nani alipachagua?"

"Nilisema ni mimi. Nikasema na la ndizi."

Kuku alikuja karibu na ungo, Celina akamfukuza kwa mguu. Njura alikunja karatasi mara mbili, kisha mara nne. Alikuwa anataka kueleza habari ya yale mawe ya kilimani, yenye majina na bila kitu chini, na kwamba karibu na parachichi sasa pana nafasi, migomba ile ya maabara ilizeeka na hajapanda mingine. Lakini hakujua aanzie wapi.

"Kwa parachichi," alisema, "pako wazi."

Celina aliinuka na ungo wake, akaupepeta mara mbili tatu, makapi yakaruka, akauweka juu ya meza ya vyombo na kuufunika. Akaingia ndani. Akasikika akifungua sanduku, akisema na wifi yake kwa sauti ya chini. Njura alibaki kwenye gogo akijikwangua udongo wa viatu kwa kijiti.

Alipotoka alikuwa na miwani usoni na ile leso mkononi, bado haijafungwa.

"Baba Mwenda," alisema, "mbuzi umemfunga wapi?"

"Yuko kwa Koome."

"Kwa Koome!" Celina akaanza kukunja nguo, harakaharaka. "Tangu lini?"

"Jana kutwa."

"Na nani amemkamua?"

Njura alifikiri. Hakuwa amewaza habari hiyo hata kidogo.